Fundi cherehani Moshi: mabega yamekaza, usingizi unakatika saa nane usiku. Nianzie wapi?

Pindo_Moshi (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya afya na mazoezi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini, natumia cherehani ya miguu. Kuanzia Novemba hadi katikati ya Januari kazi inajaa: kwanza nguo za Krismasi za wanaorudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, halafu sare za shule zinafuata bila nafasi ya kupumua. Nakaa kwenye stuli kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na simu za wateja haziishi. Mabega yanapanda na kukaza, kichwa kinauma kuanzia kisogoni, moyo unaenda mbio hata nikiwa nimekaa. Usingizi unakatika saa nane usiku, kisha naanza kuhesabu oda kichwani mpaka alfajiri.

Presha nimepimwa, ni 126 kwa 80. Umri miaka 38, sina kisukari, sina ujauzito. Kahawa ni vikombe vitatu kwa siku, cha mwisho saa kumi au kumi na moja jioni ili nimalizie kazi.

Hela ya ukumbi wa mazoezi sina, na muda ni mdogo. Nataka kujua ni mazoezi gani mepesi yanayopunguza msongo kweli, dakika ngapi, na saa ngapi. Pia hili la kupumua ambalo kila mtu analitaja, lina maana au ni maneno tu? Tafadhali msinijibu "punguza mawazo", hilo nimeshaambiwa.

---

Viungo_Njiro

Pole na kazi dada. Umeeleza vizuri, kwa hiyo unaweza kujibiwa kwa vipimo.

Kwanza elewa kinachotokea. Ukibanwa, ubongo unaagiza tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini. Moyo unaongeza kasi, pumzi inahamia juu kifuani, misuli ya shingo na mabega inajikaza ikijiandaa kutumia nguvu. Anayelima au kubeba mizigo anaitumia ile nguvu. Wewe umekaa, mikono mbele, kichwa kimeinama, basi ule msuli mpana unaotoka kisogoni hadi begani unabaki umeshikilia kutwa nzima. Msuli ulioshikilia bila kujongea haupati damu ya kutosha, na hapo ndipo maumivu ya bega na kichwa yanapoanzia. Maumivu nayo yanarudi kwenye ubongo kama taarifa ya hatari, mwili unakaza tena. Ndiyo maana nashauri kuanza na mwili. Moyo hauwezi kuuamuru upunguze kasi, lakini bega unaweza kulishusha na pumzi unaweza kuirefusha, na moyo hufuata.

Kabla ya zoezi lolote tengeneza kiti. Mafundi wengi wanakaa chini mno. Nyonga ziwe juu kidogo ya magoti; kama stuli ni fupi, kunja kanga au weka mto mgumu, upande wa nyuma uwe mnene kuliko wa mbele ili nyonga ziinamie mbele kidogo. Ukikaa hivyo mgongo unasimama wenyewe bila kujilazimisha. Stuli isogee hadi sindano iwe mbele ya kitovu chako kabisa, si pembeni, na viwiko vikunjike kama pembe ya mraba huku mikono ikiegemea meza. Miguu yote miwili iwe kwenye pedali. Mguu mmoja ukisukuma peke yake nyonga inapinda na mgongo wa chini unauma jioni. Taa ishuke karibu na sindano, maana wengi wanainamisha shingo kwa sababu ya giza, wala si kwa sababu ya kiti. Meza ya kukatia nayo iwe usawa wa viwiko ukiwa umesimama. Kukatia sakafuni au juu ya kitanda kunaharibu kazi yote hii.

Pili, alama ya kusimama. Saa ya simu utaipuuza ukiwa katikati ya mshono. Tumia bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini: kila inapoisha, simama kabla ya kuweka nyingine. Kama unashona kitu kinachokula uzi kidogo, nusu saa isipite hujasimama. Ukisimama fanya haya matatu, jumla ni kama dakika tatu au nne.

La kwanza, kidevu nyuma. Simama mgongo ukutani, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja hadi uhisi kisogo kinavutika. Shikilia sekunde 5, achia, mara 8. Kosa la kawaida ni kuinamisha kichwa au kukiinua. Macho yabaki usawa uleule. Ukihisi maumivu yanashuka mkononi, acha na umuone mtaalamu.

La pili, mabega. Yapandishe kuelekea masikioni ukivuta pumzi, sekunde 3, kisha yaachie yaanguke polepole ukitoa pumzi. Mara 5. Baada ya hapo bana mabapa ya mabega nyuma na chini, kana kwamba unayaingiza kwenye mifuko ya nyuma ya sketi, sekunde 5, mara 8. Watu wanabana wakiwa wamepandisha mabega. Hapo wanaukaza msuli uleule tunaotaka upumzike.

La tatu, kifua mlangoni. Weka mkono kwenye fremu ya mlango, kiwiko usawa wa bega, piga hatua moja mbele hadi kifua kivutike. Sekunde 20 hadi 30 kila upande, bila kudundadunda. Kudundadunda kunaufanya msuli ujikaze kujilinda.

Usizungushe kichwa mduara mzima kama wanavyofanya wengi kabla ya mpira. Kukilaza nyuma na kukizungusha kunabana viungo vya shingo, na shingo iliyoinama siku nzima hupata kizunguzungu haraka.

Kuhusu kupumua, ndiyo, kuna maana. Vuta kwa pua sekunde 4, toa sekunde 6, dakika 5, asubuhi na kabla ya kulala. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Pumzi inapotoka taratibu, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni inapunguza mapigo, na utayasikia yakishuka ukiweka vidole kwenye kifundo cha mkono.

---

Mbio_za_Alfajiri

Mleta mada, mimi nasema amka saa kumi na moja alfajiri, kimbia kilomita 5 kila siku. Jasho likitoka, msongo wote unaondoka. Moshi tuna bahati, marathoni ya Kilimanjaro ipo hapa hapa kila mwaka na kuna mbio fupi za kila mtu. Jiwekee lengo la kushiriki, utaona mwili unavyobadilika.

---

Kocha_Sekei

Ndugu Mbio_za_Alfajiri, kukimbia ni kuzuri na lengo la mbio fupi siyo baya, lakini kwa mleta mada siyo pa kuanzia. Mtu anayeamka saa nane usiku ukimwamsha tena saa kumi na moja unampunguzia usingizi ule mdogo aliobaki nao, na usingizi mfupi peke yake unapandisha homoni za msongo. Saa kumi na moja ni giza bado. Desemba jua linachomoza kama saa kumi na mbili na robo, na mwanamke peke yake barabarani gizani, na mbwa wa mitaani wakiwa bado wanazurura, hatapata utulivu wowote. Tena miguu iliyokaa saa kumi na mbili kwa siku ikianza kilomita 5 za kukimbia kila siku, wiki ya pili au ya tatu mifupa ya mbele ya mguu na visigino vinaanza kuuma, mtu anaacha, na anaondoka akiamini mazoezi hayamfai.

Kinachomfaa ni kutembea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na uliondoa lile sharti la zamani la kila kipande kufika dakika 10. Kwa hiyo vipande vidogo vinahesabika. Dada, anza hivi:

Wiki ya kwanza dakika 10 asubuhi ukienda kazini na dakika 10 jioni, siku tano. Kama unapanda daladala, shuka kituo kimoja kabla. Wiki ya pili ongeza dakika 5 kwenye kipande cha asubuhi, wiki ya tatu dakika 5 kwenye cha jioni. Hapo una dakika 30 kwa siku, 150 kwa wiki, na hujatafuta muda mpya wowote zaidi ya kutoka nyumbani mapema kidogo. Usiongeze kabla ya wiki kuisha hata kama unajisikia vizuri. Misuli huzoea upesi, mishipa inayoifunga kwenye mifupa huchelewa.

Mwendo: uweze kuongea sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukitaka namba, hesabu hatua kwa sekunde 15. Zikifika 25 na kuendelea, huo ni mwendo wa wastani. Kwa mapigo ya moyo, 220 toa umri wako 38 ni 182. Asilimia 50 hadi 70 yake ni kati ya 91 na 127 kwa dakika, sawa na mapigo 23 hadi 32 kwa sekunde 15. Ukivuka hapo kwenye wiki za mwanzo, punguza. Dakika mbili tatu za mwanzo na za mwisho tembea taratibu.

Mikono iachie, usikunje ngumi wala kubeba mkoba bega moja, maana utakuwa umeondoka na lile bega lililokaza. Macho yatazame mita 10 au 15 mbele, si chini. Raba zenye soli inayokunjika kwenye vidole zinatosha. Ndala hazifai, kwa sababu vidole vinazishikilia kila hatua na mbele ya mguu panauma. Barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia ili magari na bodaboda zikujie usoni.

Mahali napo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usitembee kando ya barabara kuu yenye malori na honi ukitarajia kutulia. Moshi una mitaa ya Shanty Town yenye miti na vivuli, na siku ya mapumziko kuna msitu wa Rau ambao ardhi yake ni tambarare. Huko nenda na mwenzako. Epuka kwa mwezi wa kwanza njia za kupanda kuelekea Kibosho au Uru. Kupanda kunavusha mapigo mara moja, na kushuka kunabebesha magoti mzigo mkubwa kuliko kupanda. Walioko Arusha wana njia inayozunguka Ziwa Duluti pale Tengeru, ndani ya msitu kabisa, ila kuna kiingilio. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini ya 1,000, kwa hiyo anayetoka Moshi akija huku asishangae kupumua haraka kidogo siku za mwanzo, hasa akipanda mtaa wa Sekei. Juni na Julai baridi ya asubuhi huku inataka dakika 5 zaidi za kupasha mwili.

Mvua za Machi hadi Mei zikiharibu njia, panda na kushuka ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, dakika 10, ukibadilisha mguu unaotangulia kila dakika. Shika ukuta kama ngazi imelowa.

Siku mbili kwa wiki ongeza nguvu kidogo: kaa na kusimama kutoka kwenye stuli bila kushika mara 8 hadi 10, sukuma ukuta mara 10, inuka juu ya vidole vya miguu mara 15. Rudia mzunguko mara mbili. Dakika 8 zimeisha. Kwenye kukaa na kusimama magoti yasigongane ndani. Na ushuke polepole sekunde 3, usijiangushe.

---

Pindo_Moshi

Asanteni sana, sikutarajia majibu ya kina namna hii. Stuli nimeishainua, kweli nilikuwa chini mno.

Ila kupumua kumenishinda. Nikifanya dakika mbili kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinafanya ganzi. Na ganzi nyingine ipo, ya usiku, mkono wa kulia. Ni kitu kimoja? Na saa nane usiku nikiamka nifanye nini hasa?

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Dada, hizo ganzi ni mbili tofauti, tuzitenganishe.

Ile ya wakati wa kupumua inakuja mikono yote miwili, pengine na kuzunguka midomo, na inaondoka ukiacha. Sababu ni kwamba unavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Kaboni dioksidi kwenye damu inashuka, mishipa ya ubongo inabana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi. Watu wakiambiwa "vuta pumzi ndefu" wanajaza kifua mpaka juu. Hapana, taratibu haimaanishi nyingi. Lala chali magoti yamekunjwa, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta kwa pua kiasi kilekile cha pumzi ya kawaida, mkono wa kitovuni uinuke, wa kifuani ubaki karibu palepale. Toa kwa pua au kwa midomo iliyobanwa kidogo, bila kusukuma. Kama 4 kwa 6 ni ndefu, anza na 3 kwa 4, dakika 2 tu, na uongeze dakika moja kila baada ya siku tatu. Usishikilie pumzi katikati. Ukihisi wepesi wa kichwa, acha kuhesabu na upumue kawaida kwa dakika moja. Jifunze mchana ukiwa umetulia. Anayejaribu mara ya kwanza akiwa tayari moyo unadunda huishia kuogopa zaidi.

Ganzi ya usiku, mkono mmoja, angalia iko vidole gani. Ikiwa ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete, mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa wanaoshika mkasi na kitambaa kutwa. Ikiwa ni kidole kidogo na nusu ya cha pete, angalia kiwiko, pengine unalala umekikunja. Usilale na kifundo kimekunjwa, kifunge kitambaa laini kikae kimenyooka, na mkasi unoe, maana mkasi butu unataka nguvu mara mbili. Ikidumu zaidi ya wiki chache, au ukianza kuangusha vitu, nenda kliniki ya viungo, hospitali ya Mawenzi au KCMC. Neva iliyobanwa muda mrefu hupunguza nguvu za gumba na wakati mwingine hazirudi zote.

Sasa usingizi. Hapa nitakuwa mkali kidogo: kikombe cha saa kumi na moja jioni ndicho mtuhumiwa wangu wa kwanza. Kafeini inaziba mahali ambapo kemikali ya usingizi, adenosini, inatakiwa kushika kwenye ubongo. Mwilini nusu yake inachukua kama saa tano kuondoka, kwa wengine zaidi, na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango muda huo unaweza kukaribia mara mbili. Kikombe kina kama miligramu 95. Ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado unazo karibu 48, na saa tisa usiku 24. Utapata usingizi kwa sababu ya uchovu, lakini utakuwa mwepesi na utakatika. Pia inaongeza mapigo ya moyo, ile dalili yako nyingine. Kahawa yetu ya Kilimanjaro sikukatazi, inywe, ila ya mwisho iwe kabla ya saa sita mchana.

Usiache vyote kwa siku moja. Kichwa kitauma sana ndani ya siku ya kwanza au ya pili na utarudi kulekule. Ondoa kwanza kile cha jioni, kaa siku tatu nne, kisha punguza nusu ya kile cha katikati. Chai ya rangi nayo ina kafeini, kama nusu ya kahawa, kwa hiyo kubadilisha kahawa ya jioni kwa chai ya rangi ni nusu ya dawa tu; chemsha mchaichai au tangawizi bila majani ya chai. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya chupa ndogo usivitumie kumalizia oda. Vingi vina kama miligramu 80 kwa mililita 250, pamoja na sukari nyingi.

Mbege au bia ya jioni "ili nilale" nayo inaharibu. Pombe inakulaza haraka, kisha ikishaisha mwilini, nusu ya pili ya usiku usingizi unavunjika. Hiyo ni saa nane au saa tisa kabisa.

Ukiamka saa nane: usiangalie saa, wala simu. Ukiona saa unaanza kuhesabu zilizobaki na moyo unapanda. Lala chali ufanye kukaza na kuachia, zoezi ambalo daktari Mmarekani Edmund Jacobson alilieleza karibu miaka mia moja iliyopita na bado linafundishwa hospitalini. Anza na nyayo, kaza sekunde 5 kwa nusu ya nguvu zako, achia ghafla na ukae sekunde 15 hadi 20 ukisikiliza tofauti. Panda mashavu ya miguu (kaza kwa kuvuta vidole kuelekea kwako, ukivinyoosha mbele utashikwa na mkakamao), mapaja, tumbo, ngumi, mabega, taya na paji la uso. Dakika kama 3 au 4. Taya usiiruke, wengi wanauma meno usiku bila kujua na asubuhi kichwa kinauma.

Ikipita kama dakika 20 kwa kukisia na bado macho makavu, toka kitandani. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha kama kukunja nguo, rudi usingizi ukija. Kubaki kitandani ukihesabu oda kunaufundisha ubongo kwamba kitanda ni mahali pa kuhesabu oda. Na asubuhi amka saa ileile, hata Jumapili, hata ukiwa umelala vibaya. Toka nje upate mwanga ndani ya saa moja ya kuamka. Hiyo matembezi ya Kocha_Sekei inafaa hapo hapo. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 na usivuke saa tisa.

Oda zenyewe zitoe kichwani kabla ya kulala. Saa kumi na mbili jioni, si kitandani, chukua daftari dakika 10: andika kila oda, siku ya kuchukuliwa, na hatua moja tu ya kesho, "kukata sketi mbili", "kununua zipu". Ukiandika "oda za sare" kwa ujumla haisaidii, ubongo utaendelea kuzichambua usiku.

---

Afisa_Lishe

Naongeza dogo. Fundi anayeruka chakula cha mchana kisha akanywa kahawa yenye sukari, saa kumi mikono inatetemeka na moyo unadunda, na anaita msongo. Sehemu yake ni njaa: sukari ya damu ikishuka, mwili unamwaga adrenalini ileile. Asubuhi chapati na chai tamu peke yake hazifiki saa sita. Weka yai, au maharage, au bakuli la mtori wenye nyama. Mchana makande, au ndizi na maharage na parachichi, au loshoro kwa wenzetu wa Arusha, ule umekaa mbali na cherehani dakika 15. Jioni kula mapema, zibaki saa mbili au tatu kabla ya kulala, ukishiba sana ukalala kiungulia kitakuamsha. Maji weka chupa mezani, unywe kidogokidogo hadi mkojo uwe wa njano hafifu. Wanaojinyima maji ili wasiende chooni wakati wa msimu wanaumwa kichwa zaidi, tena wanakosa sababu nzuri ya kusimama.

---

Viungo_Njiro

Na hilo la idadi ya oda liangaliwe, kwa kuwa hakuna zoezi litakaloshinda saa kumi na mbili za stuli miezi miwili mfululizo. Piga hesabu kwa uwazi. Tuseme sare moja inachukua saa tatu na una saa tisa za kushona kweli ukitoa chakula na wateja. Hizo ni sare tatu kwa siku. Kwenye daftari, siku ikishajaa tatu piga mstari, mteja anayefuata anapewa siku nyingine. Weka ujumbe kwenye simu kwamba oda na maulizo vinajibiwa saa mbili hadi tatu asubuhi na saa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni. Kila ujumbe unaosoma katikati ya mshono unapandisha bega. Jitazame kwenye kioo uone.

---

Pindo_Moshi

Nimeelewa. Swali la mwisho: duka la dawa wamesema wanaweza kunipa vidonge vya usingizi kwa wiki mbili ili nivuke msimu. Vina madhara? Na haya mazoezi yanachukua muda gani mpaka nione mabadiliko?

---

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Usichukue bila daktari. Vile vya aina ya diazepamu mwili unavizoea ndani ya wiki chache tu. Ukiacha ghafla usingizi unakuwa mbaya kuliko mwanzo na moyo unadunda zaidi. Asubuhi vinaacha uzito kichwani, na wewe unashika mkasi na sindano. Kama ulishaanza kuvitumia siku nyingi, usiviache ghafla, mwone daktari akupunguzie dozi.

Muda: nafuu ya kupumua vizuri utaisikia siku hiyohiyo, ila hudumu dakika chache mpaka iwe desturi. Shingo na kichwa, wiki mbili hadi nne ukirekebisha kiti. Kahawa ya jioni ukiiondoa, usingizi huanza kubadilika ndani ya wiki moja. Kutembea kunatuliza saa ileile, lakini hali ya jumla ipe wiki sita hadi nane.

Yapo mambo ambayo hayasubiri wiki nane. Maumivu ya kifua au pumzi kukata ukitembea, kuzimia, mkono au uso kulegea upande mmoja: hospitali mara moja. Mapigo ya haraka pamoja na kupungua uzito, kutokwa jasho na kutetemeka bila kupungua hata ukiacha kahawa, pima tezi ya shingo. Ukichoka sana, kupauka na kuhema ukipanda ngazi, pima wingi wa damu. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili, au usingizi mbovu usiku tatu au zaidi kwa wiki kwa miezi mitatu, omba kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha. Na mawazo ya kujidhuru yakija, mwambie mtu wa karibu uende naye siku hiyo, usiende peke yako.

Presha yako rudia kupima mwezi ujao. Usinywe kahawa nusu saa kabla, kaa dakika 5 umeegemea kiti, nyayo sakafuni bila kupishanisha miguu, mkono uegemee meza usawa wa moyo, ukanda uvalishwe juu ya ngozi na si juu ya blauzi, usiongee. Pima mara mbili, dakika moja kati yake, uandike zote mbili. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, njoo kliniki na hilo daftari.

---

Kocha_Sekei

Kwenye daftari hilohilo weka safu tatu ndogo: dakika ulizotembea, saa ya kahawa ya mwisho, mara ulizoamka usiku. Baada ya wiki tatu tuletee hapa, tutajua kama tuongeze dakika au tuangalie kitu kingine.

---

Pindo_Moshi

Sawa, nitaleta. Leo naanzia na kiti, bobini na kuacha kahawa ya jioni. Kutembea naanza Jumatatu.

---

Viungo_Njiro

Vizuri dada. Mkasi nao upeleke ukanolewe kabla ya Jumatatu.